Mama Neema, leo nimemsikiliza Heintje

Aachen, Ujerumani, Jumapili usiku

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini Baba Neema hajambo na watoto wanaendelea vizuri na shule. Mimi ni mzima. Baridi imeshaingia, na miguu inauma kwa zamu mbili nilizofanya mfululizo, lakini namshukuru Mungu. Ujumbe wako wa simu niliupata. Nilitaka kujibu palepale, nikaona nililonalo moyoni halienei kwenye simu, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Jumapili alasiri, wazee wa nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi wakishamaliza keki na kahawa, huwekewa filamu ukumbini. Leo walichagua "Heintje – Ein Herz geht auf Reisen" ya mwaka 1969. Jina hilo ni kama kusema moyo umefunga safari. Anayeigiza na kuimba ni mtoto, Heintje mwenyewe, na humo anacheza yatima ambaye watu wazima wanaamua akae na nani. Hadithi yenyewe si ngumu. Kila inapokaribia kukulemea inasimama, mtoto anageukia kamera, fidla zinaingia, anaimba. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alisema filamu hizi ni sukari tupu, akaenda kuosha vikombe. Mimi nilibaki. Mama Neema, mtoto yule ana sauti! Haitetemi, haijipambi, inapanda juu moja kwa moja kama moshi wa asubuhi pasipo upepo. Wazee waliokuwa wanasinzia waliinua vichwa. Bibi mmoja ambaye tangu Jumatano hajanena neno alikuwa anafuata wimbo kwa midomo.

Niliyekaa karibu naye ni mzee aliyekuwa mchimba makaa ya mawe huko Alsdorf, sasa anapumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni. Akanivuta mkono akaniambia, "Huyu ni wa kwetu, mtoto wa mchimbaji." Na ni kweli. Heintje, jina lake la utu uzima Hein Simons, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1955 Kerkrade, upande wa Uholanzi, na baba yake alikuwa mchimbaji. Kerkrade si mbali na hapa. Mwaka jana nilikwenda na treni hadi Herzogenrath, nikatembea kwenye ule mtaa ambao mpaka wa nchi mbili unapita katikati yake: nyumba za kushoto Ujerumani, za kulia Uholanzi. Lugha ya mtaani ya Kerkrade inakaribiana sana na Kijerumani cha hapa Aachen, kwa hiyo usishangae mtoto wa Kiholanzi kuimba Kijerumani akaeleweka na kupendwa namna ile.

Mzee alinieleza jambo jingine ambalo filamu hailigusi. Desemba 1965 serikali ya Uholanzi ilitangaza kwamba migodi ya makaa ya eneo lile itafungwa, na wa mwisho ulifungwa mwaka 1974. Yaani ile miaka ambayo Ujerumani nzima ilikuwa inamwimba Heintje, kuanzia 1968 hivi hadi 1971, ndiyo miaka ambayo baba za watoto wenzake walikuwa wanarudishwa nyumbani na vumbi vifuani. Kwenye filamu kuna farasi, milima, gauni nzuri na magari yanayong'aa. Hakuna makaa. Sikuwalaumu waliozitengeneza. Aliyetoka shimoni Jumamosi hakuhitaji kulipia tiketi ili aonyeshwe shimo. Lakini tangu mzee aniambie, sauti ile naisikia tofauti, kama imetoka chini kabisa.

Sasa nifike kwenye wimbo. Wenyewe huku ukimtaja Heintje, wanajibu "Mama". Aliurekodi mwaka 1967 kwao Uholanzi, mwaka uliofuata kwa Kijerumani, na ndio uliomfungulia milango ya sinema. Mimi nilidhani umetungwa kwa ajili yake. Kumbe ni wimbo wa Kiitaliano wa mwaka 1940, umetungwa na Cesare Andrea Bixio, na ulioufanya ujulikane ni uimbaji wa Beniamino Gigli, mwanamume wa miaka 50 wakati huo. Maneno ya Kijerumani ni ya Bruno Balz. Ni mwana aliye mbali, anambembeleza mama yake asimlilie, anamwahidi kwamba watakutana tena. Kwa mtu mzima inaeleweka, mtu mzima huondoka nyumbani. Weka maneno hayohayo kwenye kinywa cha mtoto wa miaka 12, halafu jiulize: mtoto huyu yuko wapi hata awe mbali na mama yake? Nani amemwondoa? Na kwa nini yeye ndiye anayembembeleza mkubwa?

Hapo ndipo niliposhindwa, dada yangu. Niliinuka nikasema nakwenda kumletea mzee maji. Nilisimama jikoni mpaka wimbo ukaisha.

Unajua Tumaini wangu anafikisha 12 mwezi wa pili. Kwetu sisi yeye ndiye aliyebaki, mimi ndiye niliyeondoka, lakini kazi ya kubembeleza anaifanya yeye. Nikipiga simu namwuliza umekula, ananijibu, "Nimekula, mama, usiwe na wasiwasi." Nikimwuliza kama ana huzuni, ananipa habari za mbuzi wa bibi. Miaka mitatu ananijibu vile, nami nilikuwa nafurahi kwamba nina mtoto mwelewa. Leo ndio nimesikia jinsi inavyokuwa mtoto anapombeba mzazi kwa sauti.

Filamu za Heintje hazikuendelea. Zilikuja kwa haraka, moja au mbili kwa mwaka, maana kila mtu aliyekuwa kazini pale alijua kwamba sauti ya mvulana ina siku zake. Ikaanza kuingia besi, na sinema zikaisha. Yeye hakuacha kuimba. Alikua, akaweka makazi upande wa Ubelgiji karibu na mpaka, akafuga farasi, akaendelea na muziki kwa jina lake la utu uzima. Halafu mwaka 2017 alitoa albamu inayoitwa "Heintje und ich", yaani Heintje na mimi. Humo anaimba pamoja na yule mtoto: wamechukua sauti yake ya zamani, naye mwenye miaka zaidi ya 60 akaimba pembeni yake. Nimeitafuta jioni hii nikaisikiliza nikiwa nimekaa kitandani. Mtu mzima anaimba taratibu, anampa mtoto nafasi, hamfuniki. Ameweza kufanya hivyo kwa sababu sauti ile ilihifadhiwa.

Ya Tumaini haijahifadhiwa na mtu. Simu ya bibi yake ni ya kubonyeza tu, na mimi anapoongea nami haimbi, anaona haya. Likizo yangu ni Desemba ya mwakani. Nimehesabu: atakuwa anakaribia miaka 13. Wajomba zake wote sauti ziliwaingia besi mapema, wewe mwenyewe uliwajua.

Kwa hiyo nakuomba, Mama Neema. Wewe ndiye unayefundisha kwaya ya watoto, na uliniandikia kwamba siku hizi umempa kuongoza ile beti ya pili peke yake. Jumamosi ya mazoezi, weka simu yako kwenye benchi karibu naye, irekodi, bila kumwambia ni ya nani. Usichague siku ambayo ameimba vizuri. Hata akikosea, hata wenzake wakicheka, hata mvua ikipiga bati, acha irekodi mpaka wamalize. Kisha itume yote kama ilivyo. Hela ya bando nitakurushia kesho kutwa, nikipata mshahara.

Nisalimie mama yangu ukipanda Machame. Mwambie dawa za presha zimo kwenye mzigo wa yule binti anayekuja Krismasi.

Ni mimi,
Mama Tumaini