Kipimo cha macho kisigeuzwe hukumu

Mhariri,

Vifaa vya kamera vinavyofuatilia mwendo wa macho ili kumtambua dereva aliyetumia dawa za kulevya vina faida kubwa. Tunachokipinga ni kuvitaka vijibu neno moja tu, "amelewa" au "hajalewa", ilhali kila dawa hugusa macho kwa namna yake.

Kipimo cha msingi ni kufuata kalamu kwa macho. Mpimaji huishika sentimita 30 hadi 38 kutoka usoni, juu kidogo ya usawa wa macho, na kichwa hakigeuki. Huipeleka kutoka katikati hadi pembeni kwa takriban sekunde 2, akitazama kama jicho linateleza au linarukaruka. Kisha huituliza jicho likiwa limefika mwisho wa pembe kwa sekunde 4 au zaidi: likiendelea kuchezacheza, hiyo ni dalili. Kosa linaloharibu kazi ni haraka. Kalamu ikikimbizwa, hata jicho la mtu asiyetumia chochote huruka.

Kuchezacheza huko huletwa na pombe, dawa za usingizi, gundi inayonuswa na ketamini, dawa ya nusukaputi. Bangi, heroini na kokeini kwa kawaida hazikuleti. Heroini hubana mboni, kokeini huzipanua, na bangi mara nyingi huyafanya macho yashindwe kukutana kalamu inaposogezwa kuelekea puani. Basi kifaa kinachotafuta kuchezacheza pekee kitampitisha aliyevuta bangi.

Kamera ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, huona mboni hata gizani, lakini mwanga wa mahali usipoandikwa, ukubwa wa mboni hauna maana. Miwani hurudisha mng'ao, kope zilizolegea hufunika mboni. Zaidi ya yote, fenitoini anayopewa mwenye kifafa, maradhi ya sikio la ndani, au mtikisiko wa macho wa kuzaliwa nao huweza kuleta dalili zile zile. Mtu wa namna hii hana kosa lolote!

Kwa hiyo dereva aulizwe dawa na maradhi yake kabla ya kupimwa, na matokeo yawe sababu ya kuchukua mate au damu, si ya kumtia hatiani. Video ya jicho nayo ihifadhiwe, isibaki alama ya kipimo peke yake. Kemikali ya bangi huweza kukaa katika damu ya mtumiaji wa kila siku kwa siku kadhaa baada ya ulevi kwisha. Video ndiyo inayoonyesha alivyokuwa dakika ile aliposimamishwa.