Betri ikiisha, bomu linabaki

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linanikereketa tangu Novemba 2024, Marekani ilipokubali kuipa Ukraine mabomu ya kutegwa ardhini, yale ya kuua watu siyo yale ya vifaru, na wengi wakalipokea kama silaha nyingine tu imeongezwa kwenye orodha. Jamani. Bunduki ina mtu anayeilenga, bomu la ardhini linamsubiri yeyote atakayekanyaga, awe askari, awe mama anaokota kuni, awe mtoto anafuata mpira, na vita ikiisha lenyewe halina habari. Mwaka 2023 peke yake watu 5,757 waliuawa au kujeruhiwa duniani na mabomu haya pamoja na masalia mengine ya vita, na asilimia 84 walikuwa raia.

Naelewa Ukraine imevamiwa. Naelewa pia Urusi haikusaini mkataba wa Ottawa, ule unaopiga marufuku mabomu haya, na imetega mabomu kibao kwenye mashamba ya watu kule, silitetei hilo hata sekunde. Lloyd Austin, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alisema Warusi wamebadili mbinu, wanatanguliza askari wa miguu, kwa hiyo Ukraine inahitaji kitu cha kuwapunguza kasi. Aliyasema hayo akiwa ziarani Laos, nchi ambayo mpaka leo watu wanapoteza maisha na viungo kwa mabomu yaliyodondoshwa na ndege za Marekani miaka ya 60 na 70. Niliposoma hapo nikaweka simu chini kwanza.

Utetezi wao mkubwa ni betri. Eti haya yanatumia umeme, yanawekewa muda kuanzia masaa manne mpaka wiki mbili, betri ikiisha yanakufa. Sawa, tuseme yote yanakufa kweli, si baruti bado imo ndani? Mkulima akilikuta limelala kwenye majani atajuaje kama betri imekwisha? Hawezi kujua, na hata mteguaji mwenye vifaa vyake hawezi kubahatisha, inabidi alifuate taratibu kama bomu zima, kwa hiyo shamba linabaki limefungwa vilevile na watu wanabaki kwenye mahema. Na ahadi hizi za mashine tulishazisikia, kwenye vita ya Ghuba 1991 Marekani ilitumia mabomu zaidi ya laki moja ya aina ya kujilipua yenyewe muda ukifika, halafu waliokwenda kusafisha Kuwait wakayakuta mengine yapo tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Ukraine ilishaahidi. Mkataba unakataza kutumia, kutunza, kupokea na kumpa mwingine, na Marekani ambayo haimo ndani yake ilijua fika inampa mwenzake aliye taabani kitu alichoapa hatakigusa. Mwaka 2025 Ukraine ikatangaza kujitoa, lakini mkataba wenyewe unasema nchi iliyo vitani haitoki mpaka vita iishe, na mi naona hapo ndipo penye uzito wote, maana ahadi ya kutotega mabomu wakati wa amani ina faida gani? Mwaka huohuo Lithuania, Latvia, Estonia, Finland na Poland nazo zikaamua kutoka. Yaani mlango uliofungwa kwa kazi kubwa tangu 1997 unafunguliwa na walewale waliokubali ufungwe.

Msumbiji vita iliisha 1992. Ilitangazwa kuwa salama 2015, baada ya watu, mashine na panya buku waliofundishwa kunusa baruti kupita kila mahali hatua kwa hatua, miaka 23, na watoto waliozaliwa kwenye amani walikatwa miguu na vita ambayo hawakuiona.

Ombi langu kwako mhariri, kila gazeti lako linapoandika kwamba shehena ya silaha imepitishwa, waandishi wako wawaulize wahusika nani atakuja kuyatoa hayo mabomu ardhini, na lini.

Msomaji wako