Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: Ihefu ilikuwa ya watani zangu, ila hili limenikaa kooni

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naomba nianze kwa kukwambia mimi sio shabiki wa Ihefu, ile timu ya mpira ya Mbarali, na sijawahi kuwa. Mimi ni Mbeya City, zambarau, Koma Kumwanya kama tunavyojiita, toka msimu ule wa 2013/14 tumepanda na hapohapo mwaka wa kwanza tukamaliza wa tatu, Sokoine watu wamejaa huna pa kuweka mguu. Ihefu wa Mbarali walikuwa watani zangu na nimewasema sana, wao na mchele wao. Kwahiyo ukiona mtu wa City anakaa usiku anakuandikia barua juu ya timu ya watani wake, ujue uvumilivu umefika mwisho.

Nimevumilia toka mwanzoni mwa 2024, Ihefu ilipotolewa Mbarali ikapelekwa Singida na baadaye ikabadilishwa jina. Jumapili iliyopita ndio nimeshindwa.

Nilikuwa Ubaruku kufuata mchele, gunia mbili za kuuza huku mjini. Kabla ya kurudi nikapita pale Highland Estate, uwanja wa zamani wa Ihefu, sikuwa na shida yoyote pale, miguu tu ilinipeleka. Nje ya uwanja watoto wanacheza chandimu, mmoja kavaa jezi ya Ihefu imepauka mpaka jina la mgongoni linasomeka nusu, na ile jezi naijua maana niliichapa mimi mwenyewe, namba 7 yake mkia umepinda sababu siku ile mashine ilikuwa inasumbua. Akanitambua. "We si yule anko wa jezi? Eti Ihefu inarudi lini?" Mtoto wa miaka kumi, kumi na moja hivi. Nikamwambia sijui. Nikapanda haisi, na toka Rujewa mpaka Uyole sikuongea na mtu.

Sasa Mheshimiwa, mimi lile swali nimeshindwa kulijibu, ndio maana nakuletea wewe.

Unajua Ihefu ni nini? Kabla ya kuwa timu, Ihefu ni lile bonde oevu la Usangu, maji yake ndio yanalisha mto Ruaha Mkuu. Ndio maana timu ikaitwa Ihefu, na kwa utani Mbogo Maji. Yaani jina sio la mtu wala la kampuni, ni jina la ardhi ya pale, kila mkulima wa mpunga wa Mbarali analijua kabla hajajua mpira ni nini. Timu ikapanda ligi kuu 2020, ikashuka, ikarudi tena 2022. Na tarehe 29 Novemba 2022 Yanga wakaja na rekodi yao ya mechi 49 za ligi bila kufungwa, nchi nzima inasubiri ya hamsini, wakafungwa 2-1 palepale Ubaruku. Nilikuwepo. Nilienda kuuza jezi na kiukweli nilienda pia kuwaona Ihefu wakipigwa, nisikudanganye, lakini goli la pili lilipoingia nilijikuta nimemkumbatia mzee mmoja simjui, ana matope mpaka magotini, katoka shambani moja kwa moja. Mzee analia. Oktoba 2023 Yanga wakarudi wakafungwa tena 2-1 uwanja uleule. Timu ya wilaya, Mheshimiwa, sio ya jiji wala ya mkoa.

Miezi michache baada ya hapo timu ikahamia Singida, ikawa inacheza uwanja wa Liti. Msimu wa 2024/25 ukaanza na jina nalo limeondoka, ikaitwa Singida Black Stars. Basi. Watu wa Mbarali walijulia redioni na kwenye simu kama mimi na wewe.

Mimi kipindi hicho nilikuwa nimeshachukua mkopo wa kikundi nikachapa jezi za Ihefu za duru la pili. Kabla sijachapa nilimuuliza kiongozi mmoja wa mpira, sitamtaja, nikamwambia mkuu nasikia maneno maneno, hii timu ipo? Akaniambia we chapa, timu haiendi popote, hayo ni maneno ya watani. Nikachapa. Jezi 74 mpaka leo ziko ndani ya salfeti uvunguni, mke wangu kila akifagia anaisogeza na hasemi kitu, na kule kutosema ndio kunauma zaidi. Mkopo nimelipa kwa pesa ya ada ya mtoto, ikabidi arudi nyumbani wiki tatu. Sikuombi unilipe hizo jezi Mheshimiwa. Nakwambia ili ujue timu ikiondoka sio wachezaji tu wanaopanda basi. Kuna mama ntilie wa pale getini, kuna bodaboda wa Rujewa kwenda Ubaruku, kuna gesti zilizokuwa zinajaa wikiendi ya mechi. Hakuna aliyekuja kukaa nao hata dakika tano.

Najua utaambiwa na wataalamu wako kwamba timu ni mali ya mtu na mtu ana haki ya kuuza mali yake. Sawa. Mimi sio mwanasheria, ila nimelifikiria hili kwa muda mrefu na naona kinachouzwa sio timu. Wachezaji wanaondoka kila dirisha, kocha anafukuzwa, basi linachakaa. Kinachonunuliwa ni ile nafasi ya ligi kuu. Toka 2021 kuna mkataba wa Azam Media wa miaka kumi, bilioni 225.6, nafasi ya ligi kuu ina mgao wake, ina televisheni, ina wadhamini. Kupanda toka chini ni kazi ya miaka na jasho, unaweza ukapoteza hela zote na usipande, sisi City tulishuka 2023 tumechapwa na Mashujaa kwenye mchujo tukakaa misimu miwili kule Championship, ligi ya chini ya ligi kuu, ndio tukarudi 2025, najua ninachosema. Kwahiyo mwenye hela anaona bora anunue aliyekwishapanda. Na aliyekwishapanda naye nahisi amechoka, maana kuendesha timu kutokea Ubaruku sio mchezo, leo uko Bukoba kesho Mtwara, kiingilio cha uwanjani hakilipi hata mafuta ya basi. Hizo ndio hesabu ninavyoziona mimi, inawezekana kuna mengine ya ndani sijui.

Lakini ile nafasi ya ligi kuu ilipatikana na nani? Ilipatikana Mbarali. Kwa kelele za Mbarali, kwenye jua la Mbarali.

Na hapa ndio hasira yangu ilipo Mheshimiwa, naomba unisamehe lugha. Serikali hiihii ndiyo iliyosimama kidete kwenye mabadiliko ya umiliki wa Simba na Yanga, mkasema hapana, wanachama lazima wabaki na asilimia 51, mwekezaji aishie 49. Watu wakabishana miaka na miaka, mikutano, tume, katiba mpya, na nyie mkasimama palepale. Nikafurahi, nikasema nchi ina wenyewe. Kumbe ile kinga ni ya wenye kadi tu. Simba na Yanga wana wanachama ndio maana wana wa kuulizwa. Timu kama Ihefu wale watu elfu kadhaa hawana kadi ya kitu chochote, wana sauti tu, na sauti haina asilimia. Sasa kati ya mzee wa Kariakoo mwenye kadi na yule mzee wa Ubaruku mwenye matope magotini, nani alihitaji zaidi kulindwa na wewe?

Wala hili sio la Ihefu peke yao, usije ukasema shabiki wa City ana lake jambo. Angalia hao hao ndugu zetu wa Singida. Singida United ilishuka 2020 ikapotea. Ikaja timu ya DTB toka Dar ikabadilishwa jina ikawa Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, alafu ikaondoka na jina la Singida likafutwa, leo inaitwa Fountain Gate tu na ikahamia mpaka Babati. Ndio ikaja hii ya Mbarali. Mtoto wa Singida mwenye miaka kumi na mbili ameshashangilia timu tatu na hajahama nyumba. Nae pia anaonewa. Leo ana furaha, Black Stars ilichukua Kombe la Kagame 2025, hongera zao kabisa kutoka moyoni, ila mimi naogopa siku nae atakuja kuuliza inarudi lini.

Waingereza yaliwakuta haya. Wimbledon ya London iliruhusiwa 2002 kuhamia Milton Keynes, mwaka uliofuata ikaondoka, na 2004 ikabadilishwa jina. Mashabiki wake wakaanzisha yao AFC Wimbledon kutokea madaraja ya chini huko, ikapanda mpaka kwenye ligi za kulipwa 2011, na 2020 wakarudi mtaani kwao Plough Lane wakiwa na uwanja mpya. Safi sana. Lakini wale ni watu wa London, wana mishahara, wana mabenki. Mbarali mtu anasubiri mavuno ndio alipe deni la mbolea, atatoa wapi hela ya kuanzisha timu upya toka ligi ya wilaya?

Kilichonifanya nisilale ni kwamba wiki hii hapa Mwanjelwa yameanza maneno yaleyale. Kuna mtu anazunguka anatafuta timu ya kununua mkoani kwetu. Sitaji timu maana ni tetesi na sitaki kumharibia mtu jina, lakini ile sauti naijua, nilishaisikia 2023 nikaambiwa we chapa. Safari hii sichapi. Nimeacha kabisa kuchukua oda za jezi za msimu ujao, na hiyo ndio kazi yangu Mheshimiwa, mimi sina kazi nyingine.

Nimeambiwa tuna kanuni za leseni za klabu, eti timu inakaguliwa fedha, uongozi, miundombinu, mambo ya kisheria na mambo ya kiufundi. Tuna Baraza la Michezo lenye sheria yake toka 1967, tuna msajili wa vilabu vya michezo. Ofisi zote hizo zipo na kila moja ina mhuri. Je kuna hata moja ambayo kwenye fomu yake ina kamstari ka kuuliza watu wa pale wanasemaje?

Mwanzoni nilitaka kukuandikia maombi mengi, nilikuwa nimeyaorodhesha kwenye daftari la mauzo, mfuko wa kusaidia timu za wilaya, bima ya wafanyabiashara, mambo ya mgao wa viingilio. Nimeyakata yote. Naomba moja tu. Wekeni kanuni kwamba timu ikishapanda kwa jina la mahali fulani, haihamishwi mkoa wala haibadilishwi jina mpaka watu wa pale waitwe uwanjani kwao, wasomewe nani anauza, nani ananunua, kuna madeni gani, na waseme ndio au hapana mbele ya msajili wako. Na wakisema hapana basi mwenye hela akaanzishe ya kwake huko anakotaka, na jina liachwe lilipo. Ihefu najua hairudi kwa barua yangu. Lakini jina lile rudisheni Mbarali, liandikwe hata kwenye timu ya ligi ya wilaya, liwe la watu wa pale na asiwepo mtu wa kuliuza tena.

Na ukipata nafasi Mheshimiwa nenda Ubaruku. Usiende na msafara. Ukitoka Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 100, pitia Igurusi, Chimala, ukifika Rujewa ulizia. Yule mtoto utamkuta jioni pale nje ya uwanja, namba 7. Mwambie wewe.

Wako,
shabiki wa Mbeya City, muuza jezi, Mwanjelwa