Shukrani kwa baba wa kwenye pantoni

Baba uliyekaa nasi kwenye pantoni ya Kigamboni Jumamosi jioni, mwenye kikapu cha dagaa, jina sikukuuliza. Aibu yangu.

Nilikuwa nagombana na binti yangu wa darasa la saba juu ya fumbo la Hisabati kwenye mtihani wa zamani: Ali ana machungwa 12 zaidi ya Asha, jumla wanayo 40, Asha ana mangapi? Yeye kila akiona "zaidi" anajumlisha. Mimi natoa, napata 28, nang'ang'ania hapo hapo (na sauti nimepandisha!).

Ukasema, "Mama, tusikokotoe kwanza, tuchore." Nyuma ya bahasha ukachora mistari miwili, wa Ali mrefu, kisha ukaziba kile kipande cha 12 kwa kidole gumba. Mistari ikalingana. Binti akadakia, "Kumbe 28 ni ya wote wawili! Asha ana 14!"

Siku hizi anaanza kusoma kinachoulizwa, halafu anachora. Jana mafumbo ya umri kapata manne kati ya matano. Ya mwendo bado yanatutoa jasho.

Asante sana, baba. Tukikutana tena, nauli juu yangu.