Hiyo "popote" yenu ina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa tangu enzi za karatasi, nilipokuwa nikilinunua gazeti stendi ya Bukoba na kulisoma mpaka matangazo ya vifo. Nimehamia Leicester nikalifuata kwenye simu, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja, hata siku ile mlipouhamishia mji wangu Uskoti. Nilinyamaza, nikasema ni uchovu wa usiku. Safari hii nimeshindwa.

Ile makala ya ukurasa wa safari ya mwezi Julai unaikumbuka. Gari-nyumba jeupe kando ya ziwa, mzungu kwenye kiti cha kukunja na kikombe chake, na kichwa cha habari kwamba Uingereza sasa unalala popote hifadhini bila kutoa hata senti. Mwandishi wenu akaweka na ushahidi: mahakama ya juu kabisa imeamua. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliisoma akiwa Kimara. Viza ya kuja kututembelea Agosti alikuwa nayo tayari. Akanirushia makala yenyewe, chini yake maneno matatu: "Shemeji, hoteli basi."

Tuanze na hilo la mahakama. Hukumu ipo kweli, ya Mei 2025. Inahusu Dartmoor, hifadhi ya kusini magharibi, ambako mwenye ardhi mmoja alikwenda kortini kutaka watu wasilale kwenye eneo lake bila ruhusa yake. Akashindwa. Majaji walisema sheria ya Dartmoor ya mwaka 1985 inampa mtu haki ya kulala kwenye hema katika nyika zile za malisho. Mtu aliyefika kwa miguu, Mhariri, au juu ya farasi. Hema la kubeba mgongoni, wala si gari la mita saba lenye jiko na friji. Na haki hiyo inaishia hapo hapo Dartmoor. England ina hifadhi za taifa kumi. Hizo tisa nyingine hazimo. Sisi tulikwenda Lake District, zaidi ya kilomita 400 kaskazini. Ni kama usikie korti imewaruhusu watu wa kisiwa cha Mafia kuvua, wewe ukabeba wavu wako ukaenda kuutupa Mwanza.

Gari tulilikodi pauni 140 kwa siku, na dhamana ya pauni 1,000 ikashikiliwa kwenye kadi yangu. Usukani nilishika mimi, maana kampuni haikutaka hata kuiona leseni ya Shemeji. Na mimi mwenyewe, kwa kuwa nilifaulu mtihani wa udereva baada ya 1997, siruhusiwi kuendesha gari linalovuka kilo 3,500, maji, mitungi ya gesi na watu wakiwa ndani. Dada yangu hasafiri na sanduku moja. Makala yenu haikugusa habari za uzito hata kwa bahati mbaya.

Tulipoingia hifadhini Shemeji alishusha kioo, akatoa darubini, na pasi yake ya kusafiria kaishika mkononi. "Geti liko wapi?" Nikamwambia hakuna geti. "Tunalipia wapi sasa?" Hakuna kiingilio. "Na wanyama?" Nikamwonyesha kondoo. Alinyamaza mpaka mji wa Ambleside.

Jioni alichagua mwenyewe pa kulala, maegesho ya magari kando ya ziwa Windermere. Kibao kipo, kikubwa, kinakataza kulala. Nikamsomea. Akanijibu kwamba hata Dar vibao vipo, vya kukataza kukojoa, na watu wanakojoa. Dada akapika wali, binti yangu akashusha kitanda cha juu, mvua ikaanza. Saa sita kasoro dakika kumi usiku, ngo ngo ngo mlangoni. Bwana mmoja wa makamo, koti la kung'aa, maji yanamchuruzika kwenye ukingo wa kofia. Mhariri, kama hujawahi kufukuzwa na Mwingereza, adabu huijui. Aliomba radhi mara nne. Alisikitika kutuamsha, akauliza kama mtoto amelala, akailaani mvua pamoja nasi, kisha akatuambia tuondoke. Shemeji akateremka, kikoi kiunoni na simu mkononi, akamfungulia makala yenu. Yule bwana akaiinamia, akakiangalia Kiswahili kile kuanzia juu mpaka chini kama daktari na picha ya eksirei, akasema picha ni nzuri sana. Halafu akarudia: tuondoke. Shemeji akamwambia neno "Supreme Court". Yule bwana akaomba radhi mara ya tano. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani na nguo za kulalia, nahangaika kutafuta swichi ya vifuta maji, Dada nyuma anashikilia sufuria ya wali isimwagike, na binti yangu wa miaka kumi na mitatu anajifunika shuka usoni asije akaonekana na watu wa gari la jirani, ambao nao walikuwa wanafukuzwa lakini hawakuwa na gazeti la kuonyesha.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, mvua naijua. Ila mabonde yale ni habari nyingine. Seathwaite, kijiji cha humo humo hifadhini, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Katika mvua hiyo nilipiga simu viwanja vya kambi, visivyopokea vikiwa vimefunga mapokezi, vinavyopokea vikiwa vimejaa. Agosti ile watu walishaweka nafasi tangu miezi ya baridi. Tukaishia kituo cha mapumziko cha barabara kuu ya M6, katikati ya malori ya friji yanayonguruma hadi alfajiri, na maegesho tukalipia. Ndiyo "popote" yenu hiyo.

Asubuhi nikapata nafasi kwa mkulima mmoja upande wa Little Langdale, pauni 38. Njia ya kufika huko ni nyembamba kama ya kwenda kisimani, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji kushoto na kulia. Mbele ikatokea trekta na tela la kondoo wa Herdwick. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mahali pa kupishania, kwa hiyo mimi ndiye wa kurudi nyuma. Dada akateremka kuniongoza kama makonda: njoo, njoo, njoo. "Njoo" ya tatu kioo cha pembeni kikaingia ukutani. Mkulima akashuka, akaokota vipande, akanikabidhi, naye akaomba radhi kwa niaba ya ukuta. Kampuni haikuomba, ilikata pauni 310 kwenye dhamana.

Na choo. Mwandishi wenu ameandika "choo cha kisasa". Choo chenyewe ni sanduku la lita kumi na nane unalolichomoa ubavuni mwa gari, ukalibeba kwa mkono kama ndoo, ukaenda kulimwaga mahali palipotengwa, si mtoni wala kichakani. Watu wanne, siku mbili, taa nyekundu imewaka. Mgeni habebi choo cha mwenyeji wake, desturi zetu unazijua. Nililibeba mimi.

Lakini kinachonikera zaidi ni hilo neno hifadhi mnavyolitupia watu bila maelezo. Msomaji wa Morogoro akisoma hifadhi anaiona Mikumi: geti, askari, kiingilio, hakuna anayeishi ndani ila tembo. Lake District wanaishi watu kama 40,000. Kuna shule, makanisa, baa, wakulima, na ardhi ni ya wakulima hao, ya watu binafsi na ya mashirika kama National Trust, lile la kutunza urithi. Mamlaka ya hifadhi yenyewe inamiliki sehemu ndogo tu. Ndiyo maana hakuna "popote": kila penye nyasi pana mwenyewe, na mwenyewe yuko nyumbani. Sasa jiulize hili, kwa kuwa ukurasa wenu hautajiuliza. Lake District ilitangazwa hifadhi mwaka 1951. Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mtawala wa kote kuwili ni Mwingereza yule yule. Huku mchunga kondoo aliachwa na kuta zake, na mwaka 2017 UNESCO ikaiweka Lake District kwenye orodha ya urithi wa dunia kwa sababu mojawapo ya huo ufugaji wake. Kule kwetu, mwaka 1959 Mmasai alihamishwa Serengeti, yeye na ng'ombe wake, akapelekwa Ngorongoro. Nilikaa kwenye njia ile na vipande vya kioo mapajani, kondoo wananichungulia kutoka kwenye tela, nikawa nawaza hilo tu: hawa hawajahamishwa. Hiyo ingekuwa makala ya safari. Mkatuletea mzungu na kikombe.

Ninachotaka ni kidogo. Mwandishi wenu aletwe hapa, Agosti, bila posho. Apewe gari la mita saba, mama mkwe wake, sanduku moja la choo, na aelekezwe Hardknott, mlima wenye barabara inayopanda mita moja kwa kila mita tatu. Akirudi na vioo vyote viwili nitamwomba radhi mara tano. Asipokuja, basi masahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, na badala ya yule mzungu wekeni picha ya kibao. Ninayo. Vipande vya kioo pia ninavyo, kwenye mfuko wa Rambo jikoni.

Na mfanye haraka. Shemeji amesharudi Kimara, anawasimulia watu kwamba alilala kando ya Windermere. Wiki iliyopita amenitumia makala yenu nyingine, ya kukodi boti za kulala huko Broads, hifadhi ya mito na maziwa ya mashariki mwa England. Anasema boti haina vioo vya pembeni.

Msomaji wako wa zamani,
Leicester, Uingereza