Risala ya Klabu ya Biolojia kwa Mgeni Rasmi: Jina la Kipunji

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Wakubwa wetu wote, shikamooni.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukapanda hadi huku kwetu na mvua hii. Sisi ni wanachama 34 wa Klabu ya Biolojia, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Tumemwomba mlezi wetu risala ya leo isikae sana kwenye historia ya klabu, bali ieleze kazi tunayoifanya kila Jumamosi: kutambua viumbe wanaotuzunguka, kuwaeleza kwa maandishi, na kujua spishi ya kila mmoja, yaani aina yake, na jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu.

Tunaanzia mlimani. Mawingu yakifunguka, ukisimama kwenye mlango wa ukumbi huu utauona Mlima Rungwe. Wazee wetu Wanyakyusa, hasa wawindaji, walikuwa wakimtaja mnyama wa msitu ule anayeitwa kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi huku walilisikia jina hilo, lakini hawakuwa na hakika. Kwetu hadithi za wanyama ni nyingi, na wanyama wa kweli na wa hadithini hukaa pamoja kwenye simulizi moja. Wakaendelea kufuatilia, na Desemba ya mwaka huohuo wakamwona waziwazi: kima mkubwa wa manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, kishungi kilichosimama kichwani, na mkia wenye ncha nyeupe. Mwaka uliofuata kundi lingine la watafiti, lisilojua habari za Rungwe, likamwona mnyama huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, Milima ya Udzungwa. Makundi hayo mawili yakaunganisha kazi zao, na mwaka 2005 wakamtangaza kwa pamoja katika jarida la Science.

Kumwona mnyama mpya hakutoshi kumpa nafasi katika sayansi. Anayetangaza spishi mpya huandika maelezo yanayochapishwa ili wengine wayapime. Ataje jina lenye sehemu mbili, jenasi na spishi, kwa utaratibu ambao Msweden Carl Linnaeus aliutumia kwa mimea mwaka 1753 na kwa wanyama mwaka 1758. Aeleze umbo, rangi na vipimo. Aseme kiumbe huyo alipatikana wapi. La muhimu kuliko yote, aonyeshe ni kitu gani kinamtenga na ndugu zake wa karibu, kwa sababu kusema "ana manyoya ya kahawia" hakusaidii kitu ikiwa ndugu zake wote wana manyoya ya kahawia. Kwa kipunji, sauti ilikuwa ushahidi mmojawapo. Mangabei, wale kima wa msituni aliofananishwa nao, wana mlio wao mkubwa unaojulikana. Kipunji hana mlio huo. Yeye hutoa sauti nzito ya kubweka ambayo wengine hawana.

Kisha kuna kielelezo mama, ambacho wataalamu hukiita holotaipu. Hiki ni kiumbe mmoja, mwenye fuvu lake au ngozi yake, au tawi moja lililokaushwa ikiwa ni mmea, ambaye jina limefungwa kwake daima. Miaka 200 ikipita na watu wakabishana jina hili ni la nani, watakwenda kukitazama kielelezo hicho.

Hapa ndipo habari ya kipunji ilipozua mjadala. Watafiti wale hawakutaka kumuua mnyama kutoka kundi dogo kiasi kile ili wapate kielelezo. Wakatumia picha ya dume mmoja wa Ndundulu. Wanasayansi wengine walipinga, wakisema picha haina meno ya kupima wala damu ya kuchunguza. Ndugu Mgeni Rasmi, jambo hili lilituchukua Jumamosi mbili nzima za mabishano. Wengi wetu tunaamini walifanya sawa. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117 tu, na kwa idadi kama hiyo hata mmoja ana thamani. Lakini wenzetu waliopinga nao walikuwa na hoja, na yaliyofuata yaliwapa nguvu.

Mwaka 2005 dume kijana wa kipunji alikufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi karibu na mlima wetu. Mwili wake ukahifadhiwa, na sasa uko katika makumbusho ya Field Museum, Chicago. Kwa mara ya kwanza watafiti wakawa na fuvu la kushika mkononi na vinasaba vya kusoma. Matokeo yakawashangaza. Fuvu lilifanana na la mangabei, halina pua ndefu kama ya nyani. Vinasaba vikasema mnyama huyu yuko karibu zaidi na nyani kuliko na mangabei wa jenasi ya Lophocebus, alikowekwa mwanzoni. Hakuwa nyani, wala hakuwa mangabei. Mwaka 2006 wakamtengea jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, na ikawa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Jina la mlima tunaouona kila asubuhi tukija shuleni limeingia katika vitabu vya dunia nzima.

Wapo wanaosema kubadilisha jenasi ni dalili kwamba wanasayansi hawajui wanachofanya. Sisi tunaona kinyume chake. Kuweka spishi katika jenasi ni kudai kwamba viumbe hawa wametoka kwa babu mmoja wa karibu, na dai likipata ushahidi mpya hupimwa tena. Zamani hata mangabei wote waliwekwa katika jenasi moja, mpaka ilipodhihirika kwamba wale wanaotembea zaidi ardhini wana undugu na mandrili, kima wakubwa wa msituni, na wale wa juu ya miti wana undugu na nyani. Kipunji naye hajamaliza kuchunguzwa. Mwaka 2009 utafiti wa vinasaba ulionyesha kwamba kipunji wa upande wetu wamebeba urithi unaodokeza kuwa zamani walizaana na nyani wa manjano. Wale wanaosema spishi ni kundi linalozaana lenyewe tu wana jambo la kufikiri hapo.

Ndugu Mgeni Rasmi, kitu kilichotugusa zaidi ni hiki. Jenasi ilipobadilika, neno la pili halikuguswa. Kanuni za majina zinasema spishi ikihamishiwa jenasi nyingine, neno lake la pili lililotangulia kuchapishwa huhama nayo. Alikuwa Lophocebus kipunji, akawa Rungwecebus kipunji. Neno la wazee wetu lilibaki palepale. Lingekuwa kivumishi, huenda mwisho wake ungebadilika ili upatane na jenasi mpya, jinsi sisi tunavyosema mti mzuri lakini kitanda kizuri. Ua la Usambara linalopendwa na wapanda maua duniani lilipewa jina la Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Lilipohamishiwa jenasi nyingine likawa Streptocarpus ionanthus. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipoona mfano huo alicheka kwa furaha, akasema kumbe na Kilatini kina upatanisho wa kisarufi.

Tulipomaliza kipunji tukageukia chai, maana wengi wetu ada zetu zinatoka shambani humo. Linnaeus mwaka 1753 aliuita mchai Thea sinensis. Baadaye, mwaka 1762, akaugawa kuwa spishi mbili, mmoja wa chai ya kijani na mwingine wa chai nyeusi. Wazazi wetu wanaochuma chai hapa Rungwe wangemsahihisha siku hiyohiyo. Jani ni lilelile, na tofauti inaanzia kiwandani, kwenye kulinyausha, kulisaga na kuliacha libadilike rangi kabla ya kukaushwa. Siku hizi mmea huo unaitwa Camellia sinensis (L.) Kuntze. Herufi L iliyo ndani ya mabano ni Linnaeus, aliyeupa neno sinensis, na Kuntze aliye nje ya mabano ndiye aliyeuhamishia Camellia mwaka 1887. Tangu tulipofundishwa kusoma mabano hayo, jina la kisayansi kwetu limekuwa kama cheti cha kuzaliwa: ukilisoma vizuri unajua mtoto alianzia nyumba gani.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu haijagundua spishi mpya. Tunachofanya ni kukusanya mimea ya eneo la shule na ya kando ya mto, kwa idhini ya uongozi, tukiikausha kati ya magazeti ya zamani chini ya matofali. Kundi letu la kwanza la sampuli 40 liliota ukungu lote. Mvua za huku unazijua, na hatukuwa tumebadilisha magazeti kila siku. Tulisikitika sana. Hata zile chache ambazo zingeweza kuokolewa tulizitupa, kwa sababu hatukuwa tumeandika lebo. Tulikuwa na majani makavu bila kujua yalichumwa wapi wala lini. Sasa kila sampuli ina namba, tarehe, mahali, mwinuko, jina la mchumaji, rangi ya ua likiwa bichi, na jina la Kinyakyusa kama wazee wanalo. Tumefikisha sampuli 72.

Changamoto yetu kubwa ni mahali pa kuziweka. Ziko kwenye maboksi ya karatasi nyuma ya maabara, na mende wamekwisha kuyagundua. Tunaomba utusaidie kupata kabati moja la chuma linalofunga vizuri, lenzi za mkono kumi, na barua ya utambulisho itakayotuwezesha kupeleka nakala za sampuli zetu kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, Arusha, ili wataalamu watusahihishe tulipokosea. Wazazi wetu wameahidi kutengeneza meza na rafu, na fundi amekwisha kupima chumba.

Kabla hujapanda jukwaani kuzungumza nasi, tunakuomba upite kwenye meza iliyo kushoto kwako uione sampuli namba 61. Ni ua dogo la waridi lenye mkia mrefu kwa nyuma, tulilolichuma kwenye kivuli kando ya mto. Kwenye lebo yake tumeandika Impatiens sp. Jenasi tuna hakika nayo. Hiyo "sp." maana yake ni kwamba nafasi ya spishi bado iko wazi, na hatutaki kuijaza kwa kubahatisha. Katibu wetu amesimama pale na lenzi ya mkono, moja tu tuliyonayo, anakusubiri.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.