Malalamiko kuhusu unyevu na fangasi katika nyumba za mradi wenu, Mtwara

Kamati ya Wamiliki wa Nyumba,
Mtwara.
9 Juni 2025

Meneja wa Mradi,
Kampuni ya Ujenzi.

Ndugu Meneja,

YAH: UNYEVU, CHUMVI NA FANGASI ZA UKUTANI AMBAZO RANGI HAIZITIBU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jibu lenu kwa malalamiko yetu ya awali tumelipata. Mnasema kuta zinatoa jasho kwa kuwa wakazi wanapika na kuanika nguo ndani, kwamba mvua za msimu uliopita hazikuwa za kawaida, na kwamba mtamleta tena fundi rangi. Kamati hii ina mafundi ujenzi ndani yake na imekagua nyumba zote za safu ya chini. Hoja zote tatu tunazikataa, na sababu tunazitoa pamoja na vipimo ambavyo mhandisi wenu anaweza kuvirudia mwenyewe bila mashine yoyote.

Tuanze na jasho. Mvuke wa hewani hugeuka maji unapogusa kitu kilichopoa vya kutosha. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo si ngeni kwa Mtwara wakati wa mvua, hutoa matone kwenye kitu chenye nyuzi kama 24 au pungufu. Ukuta wa ndani wa sebule isiyo na kiyoyozi hauna cha kuupoza hadi hapo. Maelezo hayo yanafaa nchi za baridi, ambako nje kuna barafu na ndani kumewashwa moto. Isitoshe, jasho lingeonekana kwanza kwenye vioo na vigae, kisha kwenye kona na nyuma ya makabati ambako hewa haipiti. Kwetu vioo ni vikavu. Kilicholowa ni mkanda wa chini wa ukuta, kuanzia sakafuni hadi sentimita 70 au 80, wenye ukingo wa mawimbimawimbi na unga mweupe juu yake. Ukigonga plasta hapo inalia kama debe tupu. Maji hayo yanapanda kutoka ardhini.

Jasho la kweli lipo kwenye vyumba vichache ambamo kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18. Ukuta unapoa hadi upande wa korido, hewa ya joto ya korido inaugusa na kutoa matone, na fangasi nyeusi zinaota hapohapo. Wakazi wa vyumba hivyo wameshaambiwa wapandishe hadi nyuzi 25 na wafunge mlango. Hilo hatuwadai.

Kama bado mnabisha, fanyeni hivi. Kateni nailoni angavu yenye upana wa sentimita 50 kila upande, ibandikeni kwenye ukuta mkavu kwa kuugusa, zibeni kingo zote nne kwa selotepu pana, na muiache usiku na mchana. Matone yakitokea upande wa nailoni unaotazama ukuta, maji yamo ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumba, ni ya hewani. Kipimo hicho kinafaa hata sakafuni. Kwenye safu ya chini matone yalikuwa upande wa ukuta, na sakafuni pia yalikuwa chini ya nailoni.

Fundi wenu pia aliita kila doa fangasi, na hapo ndipo dawa inapoanza kukosewa. Doa jeusi lidondoshewe dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, iliyochanganywa na maji. Likififia ndani ya dakika chache ni fangasi. Likibaki vilevile huenda ni masizi au uchafu tu. Manyoya meupe yanyunyiziwe maji. Yakiyeyuka ni chumvi, maana fangasi haiyeyuki. Katika nyumba zetu vyote viwili vipo, na kila kimoja kina chanzo chake.

Chanzo cha kwanza kiko kwenye msingi. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba tulifukua kona moja ya nje. Ile nailoni ngumu ya kuzuia unyevu, ambayo mafundi wote wanaijua kwa jina la DPC, inatakiwa ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Tuliikuta sentimita 7 chini ya pevingi. Yaani nyumba zilijengwa, kisha kifusi kikamwagwa na pevingi zikapangwa juu yake hadi zikaipita DPC. Sasa udongo uliolowa umeegemea ukuta juu ya kizuizi, na maji yanaingia bila kukigusa. Plasta ya nje nayo imeshushwa hadi kwenye udongo, kwa hiyo hata pale ambapo nailoni iko juu, plasta inanyonya maji kutoka chini na kuyavusha. Pale konani nailoni imekatwa kabla ya kufika kwenye pembe. Vipande vilitakiwa vipandane kwa sentimita 15. Hapo vimeachana na kati yake kuna saruji tupu.

Kazi inayotakiwa ni kushusha ardhi kuzunguka nyumba hadi sentimita 15 chini ya DPC, kukata plasta ya nje kwenye mstari wa DPC, na kumwaga sakafu ya pembeni yenye upana usiopungua sentimita 60, inayolalia nje kwa sentimita 2 au 3 kila mita. Mahali ambapo nailoni imekosekana kabisa, tofali zikatwe kipande kwa kipande kisichozidi mita moja, nailoni ipenyezwe, na pengo lishindiliwe saruji kavukavu kabla ya kwenda kipande kinachofuata. Anayekata ukuta mzima kwa mkupuo anatafuta nyufa.

Chanzo cha pili mnakijua kuliko sisi, maana mchanga mliuleta nyinyi. Kuna kuta za kugawa vyumba, mbali na bomba na mbali na ardhi, ambazo asubuhi zimelowa hadi urefu wa mita mbili na alasiri zimekauka, hata siku ambayo haikunyesha. Hiyo ni tabia ya chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, na pwani hii usiku wa msimu wa mvua hiyo inapitwa kirahisi. Hewa ikikauka kidogo chumvi inayaachia, inaganda upya ndani ya plasta, inatanuka na kuibomoa taratibu. Ndiyo maana plasta inatoka unga mkononi na rangi inabanduka ikiwa na ngozi ya plasta nyuma yake. Tunataka kuona stakabadhi za mchanga wa plasta: ulichimbwa wapi, na kama ni wa ufukweni, ulioshwa wapi. Mkitaka ushahidi, lowekeni plasta iliyosagwa kwenye maji safi yasiyo ya bombani, chujeni, mdondoshee naitrati ya fedha, kemikali ya maabara inayoonyesha chumvi. Maji yakigeuka meupe mazito, kuna chumvi nyingi.

Plasta ya namna hiyo haina tiba isipokuwa kubanduliwa. Ibanduliwe hadi kwenye tofali, na ivuke mstari wa doa kwa sentimita 50 kwenda juu, kwa sababu chumvi iko mbele ya doa linaloonekana. Ukuta upigwe brashi kavu na unga uzolewe. Ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani. Uachwe wazi ukauke. Ndipo ipigwe plasta ya mchanga wa mto uliooshwa, kipimo cha saruji moja kwa mchanga tano, kwa maji yasiyo na chumvi, wala si ya kisima chenye chumvi. Kisha rangi ya maji. Rangi ya mafuta mliyoipaka mara ya mwisho, na vigae mlivyopendekeza hadi usawa wa kiuno, vinaziba njia ya kutokea, na maji yakizibiwa chini yanapanda juu zaidi. Nyumba mbili zilizowekewa vigae sebuleni sasa zina mstari wa unyevu juu ya vigae.

Paa ni la kuficha, na ndilo linalotutia wasiwasi kuliko mengine. Nyuma ya parapeti, ule ukuta mfupi unaopanda juu na kulificha bati, kuna gata, yaani mfereji wa zege unaopokea maji ya bati lote, takriban mita za mraba 120, na tundu la kutolea ni moja la inchi mbili. Mvua ya milimita 50 juu ya paa hilo ni lita 6,000. Majani ya mwembe yakiziba tundu, gata linajaa na maji hayana pa kwenda isipokuwa chini ya bati, kwenye ringibimu, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, hadi juu ya jipsam ya dari. Tundu la dharura halipo. Tunataka matundu mawili ya inchi nne kwa kila gata, mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, na tundu la dharura linalotoboa parapeti chini ya usawa wa kingo za bati, ili likianza kutoa maji nje mwenye nyumba ayaone na ajue gata limeziba. Bati la kufunika maungio lipande sentimita 15 kwenye parapeti na lizamishwe ndani ya ukuta. Sasa limegundishwa kwa silikoni tu, na jua la huku limeshaipasua.

Jipsam iliyolowa ikatwe hadi sehemu kavu na itupwe. Karatasi yake ni chakula cha fangasi, na kitu kilicholowa kikikaa saa 24 hadi 48 bila kukauka, fangasi zinaweza kuanza kuota. Kuipiga rangi kwa chini kunaficha tu kinachoendelea kwa juu. Mafundi wavae barakoa nzito na walowanishe madoa kabla ya kuyasugua, vumbi lisisambae. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Shirika la Afya Duniani lilishaeleza katika mwongozo wake wa mwaka 2009 uhusiano wa unyevu wa nyumba na pumu, na kwenye nyumba hizi wamo watoto wenye pumu.

Madirisha ni jambo dogo: vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini ya aluminiamu vimezibwa kwa silikoni. Vizibuliwe.

Kuhusu mvua zisizo za kawaida. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilipita kusini yetu na kuingia Msumbiji Aprili 2019, na kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania Mei 2024. Anayejenga kuuza nyumba kwenye pwani hii anapanga gata lake akiyajua hayo.

Kinachotusukuma kuandika sasa ni kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Kati ya sasa na Oktoba ndipo ukuta unaweza kukauka. Kazi ya nje na ya paa ifanyike Juni na Julai, plasta ibanduliwe na ukuta uachwe wazi Agosti, plasta mpya ipigwe mwanzoni mwa Septemba na ipewe wiki nne zisizopungua kabla ya rangi, na kabla ya kupaka kirudiwe kile kipimo cha nailoni ukutani. Mkianza Oktoba mtakuwa mmefungia maji ndani na Januari tutaandikiana tena. Kipindi cha dhamana ya kasoro kwenye mkataba bado hakijaisha, kwa hiyo gharama ni zenu.

Tunaomba ratiba ya kazi kwa maandishi ndani ya siku 14. Isipokuja, nakala ya barua hii pamoja na picha na vipimo itapelekwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi na Tume ya Ushindani.

Funguo za nyumba zitakazokaguliwa ziko kwa katibu wa kamati. Mtakayemtuma aje na ngazi, tochi, nyundo na nailoni. Ndoo ya rangi aiache ofisini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Kamati ya Wamiliki wa Nyumba,
Mtwara